Aliyeyalisha Maji Ugali

Nikianza na pua yake sitakuwa nimemvunjia heshima, maana mwenyewe aliitanguliza kila alikokwenda. Kila asubuhi alifika tangini, akavua viatu, akachota maji kwa kiganja, akayanusa, kisha akaniita. "Fundi! Hebu njoo. Harufu gani hii?" Hata kama nilikuwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi na zege linakauka, nilishuka, nikanusa, nikampa jibu langu la siku zote: "Choo, Bibi." Naye alinijibu: "Pua yako imejaa saruji. Hii ni mvua ya kwanza." Tulicheza mchezo huo miaka yote aliyokaa kwetu, na hakuna siku ambayo mmoja wetu alikubali kushindwa.

Mimi ni fundi muashi, Mmatengo wa Kitura, mtoto wa kahawa na baridi. Nilishuka ziwani kujenga nyumba ya mtu mmoja pale Lundo, nikaoa huko huko, milima ikabaki ya kwenda kusalimia. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka pwani, ofisi yake Mbamba Bay. Kama mtaalamu wa kilimo anavyoitwa bwana shamba, sisi tulimwita Bibi Samaki. Jina lake la kweli wengi hatukulijua, na waliolijua hawakulitumia.

Alikuja na jambo moja kichwani, na alilisema siku ya kwanza kabla hata hajakaribishwa kiti. Alitaka kufuga kamba katika maji yasiyomwagwa. Yaani maji yale yale, tangu wanapotiwa vifaranga hadi wanapovuliwa, na lisiende ziwani hata tone. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na alitaka aondoke akiwa ameliona kwa macho yake. Mengine yote aliyoyafanya kwetu, mazuri na ya kuudhi, yalitoka hapo.

Mkutano ule wa kwanza hautanitoka. Alikutana na kikundi cha akina mama wa Lundo, nami nilikuwepo kwa sababu walitaka fundi wa tangi. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mjane, mpika komoni, pombe yetu ya kienyeji, anayejulikana hadi Mbinga, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Tulimwita Mama Mwenyekiti hata kanisani. Bibi Samaki akasimama, kanga imenyooka, akasema, "Tutafuga kamba." Tukatazamana. Huku kwetu kamba ni ya kufungia mbuzi.

"Kamba za katani, Bibi, au hizi za plastiki?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Kamba wa kula."

"Za kula?"

"Wa kula, mama! Wana miguu."

"Loo! Kamba zina miguu?"

Akaokota kijiti, akamchora mavumbini. Ndevu, mgongo uliopinda, miguu tele. Mama Mwenyekiti akainama, akatazama, akainuka kwa furaha. "Aaa, mdudu!" Bibi Samaki akasema si mdudu. Akaulizwa ana miguu mingapi. Akasema mingi. "Basi ni mdudu," akahukumiwa, na kikundi kizima kikaangua kicheko. Alinuna kidogo, mpaka alipoelezwa kwamba sisi wa ziwa hili tunakula kungu, wale vijiruka wanaopanda juu ya maji kwa makundi, tunawafinyanga mikate na kuwala kwa ugali, kwa hiyo mdudu kwetu si tusi hata kidogo. Hapo naye akacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, cha mtu anayejizuia.

Kisha akatueleza mambo ya maji, na hapa ndipo alipotunasa, maana hakuanza na maneno ya kitabuni. Alisema kamba analishwa chakula chenye dagaa na soya. Hiyo ni mboga. Anachokula, sehemu kubwa inatoka tena, inageuka sumu majini, ile inayochoma pua ukiingia zizini kwa mbuzi. "Kwetu pwani tulikuwa tunaimwaga sumu hiyo pamoja na maji, tunatia maji mengine. Hapa simwagi. Majini mna vijidudu, hamvioni, lakini vimo. Vinaipenda hiyo mboga. Sasa, nyie mnaweza kula mboga tupu mkashiba?"

"Hatuwezi," wakajibu.

"Basi navyo haviwezi. Vipeni ugali. Unga wa muhogo, pumba, molasi. Vikipata ugali vitaimaliza mboga yote, vitanenepa, vitashikana madonge, na kamba atayala madonge. Sumu imerudi kuwa chakula."

Mama Mwenyekiti alikuwa ameshika kiuno. "Kwa hiyo maji yanakula ugali."

"Yanakula."

"Wa muhogo."

"Wa muhogo, mama."

"Basi hayo ni maji ya kwetu," akasema, na ombi likapita. Tangu siku hiyo ukikutana na mtu wa kikundi njiani, baada ya shikamoo na marahaba, swali lilikuwa, "Maji yameshakula?"

Mimi naye tulianza vibaya. Nilimjengea tangi zuri la pembe nne, timazi imesimama, pembe zimekaa sawa, niru ya saruji imeng'aa ukutani. Nikiri nilikuwa najivunia. Akalizunguka, akaingiza mkono kwenye kila kona, akaniuliza, "Fundi, uchafu ukiingia hapa konani utatokaje?" Nikamwambia hautatoka, utatulia. "Ndiyo maana yake," akasema. "Kona ni kaburi. Machicha yakilala yanaoza, yakioza yananiulia kamba. Vunja." Nilitukana kimoyomoyo kwa Kimatengo, nikavunja, nikajenga la mviringo. Likaja la pili: tundu la kutolea maji. Hakulitaka. Nikamwambia mimi nimejenga matangi tangu ujana wangu, na tangi lisilo na tundu sijaliona. Akasema, "Ukiweka tundu, siku moja kutatokea mvivu atalifungua." Tope la chini lingechotwa kwa ndoo na kupelekwa bustanini. Ziwani, kamwe.

Nilimuona ni mkaidi tu. Sababu yenyewe niliisikia baadaye, tukiwa tumepanda Mbinga kutafuta molasi. Gari liliharibika mlimani, tukakaa kwenye jiwe barabarani tukila viazi. Akaniambia kwao pwani kulikuwa na mabwawa ya kamba mengi, naye alikuwa mtaalamu wao. Yeye ndiye aliyewafundisha watu kubadilisha maji kila siku. Huyu anamwaga mkondoni, jirani yake wa chini anayavuta yale yale, anamwaga, wa tatu anavuta. Ugonjwa ulipoingia katika bwawa la kwanza ukatembea na maji, na kamba wakafa mkondo mzima, toka la juu hadi la chini. Watu waliokata mikoko yao kuchimba mabwawa wakabaki na mashimo. "Hakuna aliyenilaumu, Fundi," akasema. "Walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi najua ni maji yangu." Akameza kiazi, akafuta mikono kwa leso. "Ziwa hili lenu ni moja tu. Sitaliharibu."

Sikumtania tena siku hiyo. Kesho yake nilimtania.

Leso hiyo inanikumbusha kitu kingine. Huyu mwanamke aliyekuwa anahubiri maji ya kahawia alikuwa msafi kupita kiasi. Baibui lake halikuwa na doa. Kikombe cha chai alikuwa anakisuuza mara mbili mbele ya mwenye nyumba bila aibu, na mwenye nyumba asijue acheke au akasirike. Akikaa kwenye benchi alitandika gazeti kwanza. Halafu mtu huyo huyo unamkuta ameinama tangini, ametia maji yale ulimini, anaonja kiasi cha chumvi. Kamba wake walikuwa wa baharini, kwa hiyo alinunua chumvi ya mawe kwa muuza duka mmoja wa Mbamba Bay, Mwislamu mwenzake mwenye asili ya pwani, akawa anaipunguza pole pole mpaka ikabaki kidogo sana, kama ya chozi. Nilimuuliza siku moja huo usafi wake unakubalianaje na tangi. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Usafi ni kila kitu kuwa mahali pake. Uchafu wa tangini uko mahali pake."

Cha pili kilichotuchekesha: hakuweza kula kamba. Akila mmoja tu, midomo inavimba, macho yanafumba, anajikuna mpaka anaomba maji ya baridi. Ameishi nao maisha yake yote, na ladha yake anaijua kwa kusimuliwa. "Wakoje?" alikuwa anauliza watu waliowahi kufika pwani, kwa shauku ya kweli. "Nieleze vizuri. Watamu kama nini?"

Sifa hakuwa anatoa. Ukifanya vizuri alisema, "Mh." Ukifanya vizuri sana alisema, "Haya." Nimefanya kazi chini yake miaka, na "haya" nilizipata za kuhesabika. Lakini alipokosea yeye, alijitangaza kama mpiga mbiu. Ilitokea mwanzoni kabisa. Aliona sumu imepanda, akaogopa, akatia molasi nyingi kwa mkupuo. Asubuhi tunakuta kamba wamepanda juu wote, wamejipanga ukingoni, ndevu nje, wanatafuta pumzi. Vijidudu vilikuwa vimepata ugali wa sherehe, vikazaana, vikavuta hewa yote. Tuliongeza pampu ya pili ya hewa, akina mama wakakoroga kwa makasia mpaka jua likawa kali, wengi wakapona. Baada ya hapo akawaita wote, akasimama, akasema, "Kosa ni langu. Mboga ikizidi ni sumu, ugali ukizidi ni kukosa pumzi. Mimi nimevivimbisha vijidudu kwa ugali." Nimefanya kazi na mainjinia wengi katika maisha yangu. Sijamsikia mwingine akisema hivyo.

Sasa nifike kwenye komoni, maana bila komoni hadithi hii haiendi.

Bibi Samaki hakuwa anagusa pombe, wala hakupenda harufu yake. Lakini jioni nyingi ulimkuta nyumbani kwa Mama Mwenyekiti, amekaa kwenye kigoda na gazeti lake chini, anatazama komoni ikipikwa. Kilichompeleka huko kilikuwa neno moja. Siku moja alisema machicha ya tangini yameongezeka, na Mama Mwenyekiti akashtuka: "Unayajuaje machicha, Bibi, na wewe hunywi?" Kwao pwani machicha ni nazi iliyokwisha kukamuliwa. Kwetu ni masalia ya pombe, chakula cha nguruwe. Wakacheka, wakaanza kuulizana. Kumbe Mama Mwenyekiti naye alikuwa anafuga vijidudu maisha yake yote, hajawahi kuviita hivyo. Alimfundisha Bibi Samaki jambo ambalo kila mpika komoni analijua toka kwa mama yake: mtungi hauoshwi. Unasuuzwa kidogo kwa maji tu, na masalia yanaachwa chini, ndiyo yanayoamsha pombe mpya. Bibi harusi akija akaosha mtungi wa mama mkwe kwa sabuni na majivu ili aonekane hodari, hiyo ni kesi ya kuitishia wazee. "Pombe haitachemka," alisema Mama Mwenyekiti. "Itakaa tu, inakutazama."

"Ndivyo lilivyo tangi," Bibi Samaki akasema. Na Mama Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, "Naam, naam." Nilikuwepo. Niliisikia hiyo naam kwa masikio yangu.

Basi sikilizeni yaliyotokea.

Kamba walikuwa wamekua, karibu kuvuliwa. Ikaja habari kwamba mgeni rasmi anakuja kuliona tangi. Mgeni mkubwa, mwenye msafara. Bibi Samaki alikuwa ameitwa Mbinga kikazi, angefika siku hiyo hiyo pamoja na msafara. Na mimi nilikuwa nimepanda Kitura, kwenye msiba wa shangazi, nikateremka asubuhi ya ugeni. Kwa hiyo kikundi kilibaki chenyewe na mapenzi yake yote.

Mnajua tunavyopokea mgeni rasmi. Uwanja unafagiliwa mpaka udongo unatoa jasho. Mawe yanapakwa chokaa. Nyimbo zinafanyiwa mazoezi. Nilipofika nikakuta mawe meupe pande zote mbili za njia, sare mpya, ngoma tayari, na Mama Mwenyekiti anang'aa kwa furaha. "Fundi, njoo uone!" Nikaenda tangini. Nikaona sakafu yangu. Nilikuwa sijaiona tangu nilipoijenga. Maji yalikuwa maangavu, maji ya ziwa, unaweza kusoma gazeti chini yake. Kuta zimesuguliwa. Na kamba wale, ambao kwa miezi tulikuwa tunawajua kwa kuwagusa tu ndani ya ukahawia, walikuwa wanaonekana wote, mmoja mmoja, wazuri ajabu, wanatembea kama wamepotea.

"Mgeni angetazama nini katika yale maji?" akaniambia. "Angesema Lundo tunafuga chooni." Na hilo la choo, jamani, lilikuwa neno langu.

Mimi si mtaalamu. Lakini nilichota kwa kiganja, nikanusa: hayakunuka kitu.

Msafara ukafika. Ngoma, vigelegele, mgeni akateremka, akainama tangini, akafurahi kweli kweli. "Hawa ndio kamba! Na maji safi namna hii!" Akapigwa picha na akina mama wakipiga makofi. Bibi Samaki alikuwa nyuma yake. Nilimwona anaona. Hakubadilika uso. Alitabasamu kila alipotakiwa kutabasamu, akajibu kila alichoulizwa, akamtambulisha Mama Mwenyekiti kwa cheo chake kamili na sifa zake zote, akampigia makofi. Mgeni alipoondoka na vumbi likatulia, alitembea mpaka kwenye jiwe la kwanza, akakaa. Bila gazeti. Chokaa ilikuwa mbichi bado. Hapo ndipo kila mtu alipojua kuna jambo.

"Maji yangu mmeyapeleka wapi?" akauliza, taratibu.

Wakamwambia wameyamwaga migombani, kwa ndoo, kutwa nzima, wakahakikisha hata tone haliendi ziwani kama alivyowaagiza. Walitaka asifu. Mmoja akaongeza kwamba kuta wamezisugua kwa majivu.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimtazama Mama Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, komoni mpya mnaianzaje?"

"Tunaacha masalia mtungini, tunatia…" Akakatika. Mikono ikapanda kichwani. Sauti ile kubwa ikatoka ndogo kabisa. "Jamani. Tumeosha mtungi."

Wanawake wale, ambao hakuna hata mmoja angethubutu kuosha mtungi wa mama yake, walikuwa wamelisugua tangi kwa majivu. Wengine wakaanza kulia. Sumu ilikuwa inaendelea kutoka kwa kamba kila dakika, na wa kuila hakuna, na chumvi hakuna. Miaka yake ya mwisho kazini ilikuwa inazama mle kwenye maji mazuri, na sisi tumesimama na sare zetu. Nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu kumtazama.

Ni Mama Mwenyekiti aliyekurupuka. "Pipa!" Akakimbia, na mwili ule, hadi uani kwake. Alikuwa amejiwekea pipa moja la maji yale ya kahawia, kwa ajili ya mchicha wake, maana mchicha unayapenda kupita mbolea. Lilikuwa wazi, hewa inaingia, na mvuke wa komoni iliyokuwa inapikwa karibu ulikuwa umelitia joto. Bibi Samaki akachovya kiganja, akanusa. Akafumba macho. Akaniita.

"Fundi. Harufu gani?"

Nikanusa. Nilijua anachokitaka kwangu. "Choo, Bibi."

"Alhamdulillahi," akasema.

Tulilibeba pipa lile kama tunavyobeba mtu kwenda hospitali. Likamiminwa. Chumvi ikarudishwa pole pole. Akasimamisha mboga kabisa. Kamba wakae na njaa kidogo, sumu isiongezeke. Akatia ugali kwa mkono mdogo, asubuhi na jioni, na pampu hazikuzimwa. Akina mama walipokezana. Waliokufa tuliwaokota kwa chujio, walikuwa wengi, na kila mmoja Mama Mwenyekiti alimwomba radhi kwa sauti. Bibi Samaki alitumia chupa ya maji iliyokatwa kitako, anaigeuza, anaijaza, anangoja kwa muda wa chai kupoa, anatazama kama kuna chochote kimetulia shingoni. Hakuna. Kesho yake, hakuna. Halafu asubuhi moja akaninyooshea ile chupa, na pale chini palikuwa na machicha, kiasi cha ncha ya kidole. Maji yalikuwa yameanza kurudi kahawia. Akamgeukia Mama Mwenyekiti, akamwambia, "Haya."

Mama Mwenyekiti alilia kwa ile haya.

Tulivua waliobaki. Hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa, lakini walikuwa wa kwetu, na ziwa halikupata tone. Walichomwa, wakaliwa kwa ugali wa muhogo, na Bibi Samaki alizunguka katika watu na sahani yake ya maharage, anauliza kila mtu, "Wakoje? Nieleze." Mzee mmoja akamwambia ni watamu kama usipa aliyesoma. Alikirudia kichekesho hicho cha dagaa wetu wa ziwani mpaka alipostaafu.

Alistaafu, akarudi kwao Lindi. Kikundi kilimpa mbuzi na kamba ya kumfungia, na kila mtu akacheka. Tangi liko mpaka leo, Mama Mwenyekiti ndiye analinusa. Mimi nilikuwa nampigia simu sikukuu, yake na yangu. Kisha mwaka mmoja akaumwa sana, nasi tukaogopa. Alipopona akanipigia mwenyewe, sauti imekonda.

"Fundi, kuna bwawa moja hapa kwetu. Ni la zamani, la wakati wangu. Vijana wamenipa kona ya kujaribia. Niletee maji."

"Maji, Bibi? Toka Lundo mpaka baharini?"

"Dumu moja. Na usilifunge kifuniko mpaka mwisho, yapumue."

Nilisafiri na dumu magotini. Kila gari liliposimama nililegeza kifuniko, na kila nilipolegeza abiria wakageuza nyuso. Songea nikayalisha kijiko cha unga wa muhogo. Mama mmoja pembeni yangu akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni mgonjwa, namrudisha kwao.

Nilimkuta barazani. Amekuwa mdogo, baibui lile lile halina doa. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, Fundi wangu." Hakuwahi kuniita wake. Akaniongoza polepole hadi bwawani, penye tangi dogo la saruji ambalo vijana wake walikuwa wamemjengea. La pembe nne. Nikakasirika papo hapo, nikauliza ni nani huyo fundi, nikadai mwiko. "Utavunja kesho," akasema. "Leo fungua."

Nikafungua dumu. Akachota kwa kiganja, akakipeleka puani. Akakaa hivyo muda mrefu, maji yanachirizika hadi kwenye mkono wa baibui, wala hakuyafuta.

"Ugonjwa ulinichukulia pua," akasema. "Sisikii kitu. Wala ubani." Akaninyooshea kiganja. "Nisaidie. Harufu gani?"

Nikainama kwenye mkono wake. Safari nzima nilikuwa nimelitayarisha neno langu, lile la siku zote. Nikanusa, na niliona Kitura, vumbi jekundu la kahawani, matone ya kwanza yakilipiga.

"Mvua ya kwanza, Bibi," nikasema. "Wallahi ni mvua ya kwanza."

Akanitazama kwa hofu. "Yamekufa?"

"Hayajafa."

"Mbona husemi choo?"

Nikamshika mkono ule wenye maji. Akanisoma usoni, kisha kicheko chake cha puani kikatoka, na machozi nayo. Akanionyesha tangi kwa kidevu.

"Haya," akasema. "Mimina. Na hilo dumu usilioshe."